Rangi za Mbingu Juu ya Ziwa Nyasa

Aliyeteremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay wakati wa alasiri ameliona jambo hili: utosini mbingu ni samawati safi, lakini jua likikaribia kutua ng'ambo ya ziwa, upande wa Nkhata Bay, upeo wote huwa mwekundu. Jioni moja, tulipokwisha sali Magharibi hapo ufukweni, palizuka ubishi kama Isha imeingia. Mmoja aliuonyesha wekundu uliosalia. Mwenziwe akasema huo ni moshi wa mashamba tu.

Yafaa kwanza kufahamu kwamba mbingu haikupakwa rangi. Nuru ya jua imekusanya rangi zote za upinde wa mvua, na kila rangi ina wimbi lake: la buluu ni fupi, la nyekundu ni refu. Nuru hiyo ikipita angani hukutana na chembe ndogo mno za hewa yenyewe, nazo huitawanya pande zote. Mwaka 1871 Mwingereza Rayleigh alionyesha kwamba wimbi fupi hutawanywa zaidi. Buluu hutawanywa karibu mara sita kuliko nyekundu. Ndiyo maana popote tutazamapo juu, buluu hutujia. (Urujuani hutawanywa zaidi hata ya buluu, ila macho yetu ni mazito kuuona.) Kabla yake sana Al-Kindi, aliyefariki karibu na mwaka 873, aliandika risala juu ya swali hili hili. Alidhani ni vumbi na mvuke ving'aavyo mbele ya giza. Hakufika, lakini alikwisha tambua kwamba rangi hiyo si ya mbingu.

Jua likiwa upeoni, nuru yake hupita katika hewa nyingi, karibu mara 38 kuliko itokapo utosini. Buluu huishia njiani, ikawa samawati ya watu ambao kwao bado ni mchana. Sisi hutufikia nyekundu. Ijaribu nyumbani: tia matone machache ya maziwa katika glasi ya maji, uimulike kwa tochi gizani. Ubavuni maji yataonekana ya kibuluu, na tochi ukiitazama kupitia glasi itakuwa ya rangi ya chungwa.

Je, moshi? Vipande vyake vingi ni vikubwa kuliko chembe za hewa, na huchanganya rangi hata mbingu ikapauka mchana. Huweza kuuzidisha wekundu wa jioni, lakini hauna nuru yake wenyewe. Wekundu ule ulikuwa nuru ya jua lililokwisha tua, ikiimulika hewa ya juu: ndio shafaki hasa.

Imamu Malik na Imamu Shafi'i walisema shafaki ni wekundu huo. Imamu Abu Hanifa alisema ni weupe unaoufuata, nao hutoweka jua likifika kama digrii 18 chini ya upeo. Mbamba Bay hiyo ni takriban saa moja na robo baada ya kutua. Basi tukaketi mchangani, tukangoja.