Uvimbe Umekwisha, Matibabu Bado

Mdogo wangu wa Sengerema, jibu nalitanguliza kwa sababu umesema mzunguko wa tatu wa dawa ni Jumanne na begi umeshalifunga. Lifungue. Msirudi nyumbani. Mengine yote tutayazungumza, mama mkwe, mumeo, nauli, na yule mwanao wa darasa la nne asiyetaka tena kuongea nawe kwenye simu, ila hilo tuelewane kwanza.

Niwape wenzetu habari kidogo. Binti wa dada huyu ana miaka sita. Taya lilianza kuvimba upande mmoja, meno yakalegea, wakadhani ni jino. Likang'olewa, uvimbe ukazidi. Walipofika hospitali ya Bugando, Mwanza, kikachukuliwa kinyama kikapimwa, na jibu likaja kuwa ni saratani, aina iitwayo Burkitt. Sasa mtoto amepata mizunguko miwili ya kemo na shavu limerudi lilivyokuwa. Anaomba chipsi, anagombana na mwenzake wa kitanda cha pili. Na kila jioni mama mkwe anapiga simu: mjukuu wangu kapona, mnamtesa na sindano za nini tena, mleteni huku kuna mzee ana dawa za kumalizia.

Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote. Uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mbio hizohizo ndizo zinazoiponza, kwa kuwa kemo huziwinda hasa chembe zilizo kwenye harakati za kujigawa. Ndiyo maana mliona shavu linanywea mbele ya macho yenu. Lakini kilichonywea ni kile kinachoonekana. Wewe ni mkulima, ndago unaijua: pitisha jembe juujuu, shamba litang'aa siku chache tu, maana vile viazi vyake vidogo bado vimo ardhini. Mizunguko iliyobaki ndiyo inayofuata huko chini. Hata ile sindano ya mgongo unayoichukia ina kazi yake. Saratani hii inaweza kujificha kwenye maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, na dawa nyingi za dripu hazifiki huko vya kutosha.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri watoto zaidi ya asilimia 80 wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi zenye kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Sababu ni kadhaa: watu kuchelewa kufika, vipimo vya shida, dawa kukosekana. Lakini mojawapo ni hiyo uliyoifungia begi, familia kukatisha matibabu. Simlaumu anayekatisha. Shamba limekaa bila mtu, nauli imekula mbuzi, na mtoto anacheza. Nani asingetamani kuamini kwamba yamekwisha?

Tuje kwa mama mkwe. Usibishane naye kwenye simu, hutamshinda, na si adui yako, anamlilia mjukuu. Mwombe muuguzi mnayeelewana naye azungumze na bibi dakika tano, spika ikiwa wazi. Neno la mtu wa wodini humwingia mzee kuliko la mkwewe, tukubali tu. Na akishikilia mitishamba, mweleze hivi: vinkristini, dawa inayotumika sana kutibu saratani hii, asili yake ni ua lile dogo la petali tano, la rangi ya waridi au jeupe, ambalo watu hupanda mbele ya nyumba kwa urembo. Hospitali haiyadharau majani. Tofauti ni kipimo, kwa sababu mmea wenyewe ni sumu, asije mtu akauchuma akachemsha. Na kama mtoto ameshanyweshwa chochote kwa siri, mwambie daktari leo, hata akikunja uso. Dawa mbili zisizojuana zinaweza kumuumiza ini.

Kuhusu nani kamloga, na damu ya ukoo gani imeleta balaa: daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa hospitali ya Mulago, Kampala, aliuandika ugonjwa huu mwaka 1958, na ramani yake ikaja kufuata maeneo yenye malaria kali. Leo unahusishwa na malaria ya kujirudiarudia pamoja na kirusi cha Epstein-Barr, ambacho karibu kila mtoto wa kwetu hukipata akiwa mdogo. Wifi hayumo, jirani hayumo, maziwa yako hayamo. Wala hauambukizi.

Umeandika kwamba mumeo "hana msaada". Hapo tubishane kidogo, mdogo wangu. Yuko na watoto wawili, shamba na mama anayemsema asubuhi na jioni, na wanaume wengi wakiogopa hunyamaza. Muite aje akae wodini wiki moja, wewe ukalale nyumbani. Baba aliyeshika beseni saa nane za usiku mtoto akitapika hahitaji kusimuliwa, na akirudi atamjibu mama yake mwenyewe. Kuhusu fedha, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hamjaishiwa kabisa, ukiwa na barua ya mtendaji wa kijiji. Na majirani wakikuuliza "tukusaidie nini", usijibu "niombeeni tu". Waambie: palizi.

Yule wa darasa la nne usimkaripie. Muulize anaogopa nini, kisha nyamaza umsikilize. Mtoto wa umri huo anaweza kubeba moyoni kwamba alimsukuma mdogo wake wakicheza na ndipo shavu likavimba, akakaa na hilo miezi bila kumwambia mtu. Mwambie waziwazi kwamba hakusababisha chochote. Na binti naye aambiwe hivyohivyo, kwamba sindano si adhabu. Usimdanganye kuwa haiumi. Mwambie itauma kidogo na wewe utamshika mkono. Nywele zikianza kubaki kwenye mto, mnyoe mwenyewe, kwa utani kama utaweza. Zitaota tena matibabu yakiisha.

Jambo moja sitaki ulipitie haraka. Mkiruhusiwa kukaa nje ya wodi kati ya mzunguko na mzunguko, nunua kipimajoto. Kemo hushusha chembe nyeupe za damu, hasa kuanzia siku ya saba hadi ya kumi na nne baada ya dawa. Joto likifika nyuzi 38, usimpe parasetamo ukasubiri kukuche. Nenda usiku huohuo, na pale mapokezi useme mapema kwamba mtoto yuko kwenye kemo, asije akapangwa foleni. Kwa hiyo kwa sasa tafuteni pa kukaa hapohapo Mwanza. Safari ya kutoka Sengerema si ya kuitegemea saa tisa za usiku.

Burkitt ikirudi, mara nyingi hurudi mapema, ndani ya mwaka wa kwanza. Kwa hiyo mkimaliza mizunguko, tarehe za kliniki mzishike hata mtoto akiwa anaruka kamba. Mwaka ukipita salama, matumaini yanakuwa makubwa sana.

Na ninyi wengine mnaosoma: taya la mtoto likivimba na meno kulegea, tumbo likikua upande mmoja, au mboni ya jicho ikionyesha weupe kwenye picha, inaweza kuwa saratani, msingoje mwisho wa mwezi. Mpelekeni wiki hiyohiyo, na zahanati ikiwapa dawa ya jino mara ya pili, ombeni rufaa.