Anayefuta Chaki

Barua ilikuwa na kurasa nne. Ugomvi wa shemeji na wa kuku wa jirani umekatwa. Kilichobaki ni hiki:

“Shangazi, baba yangu ni fundi cherehani, miaka 57. Mwaka jana aliambiwa moyo umetanuka na umechoka. Sasa amekuwa mkaidi. Dawa ya kupunguza maji mwilini anairuka, nikimuuliza anasema amekunywa. Vipimo vya wateja anaviandika kwa chaki ukutani, akinisikia naingia anafuta. Nimechoka kugombana naye. Nimfanyeje? – Binti, Tanga.”

Kilichomshtua Shangazi si dawa. Ni “anafuta”. Mkaidi hafuti kitu. Angeiacha chaki yake pale na kumuuliza bintiye anatazama nini. Anayefuta ana aibu. Na hizo ndala anazozisikia zikija ni za nani?

Wengi wanajua moyo ukidhoofika miguu hujaa maji na mtu hulalia mito mitatu. Hawaambiwi kwamba na kichwa huguswa. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu moja ya tano ya oksijeni yote. Moyo usiposukuma damu ya kutosha, ubongo nao hupunjwa. Mapigo yakienda ovyo, mabonge madogo ya damu yanaweza kuziba mishipa yake. Jarida la Lancet liliandika juu ya jambo hili tangu 1977, na tafiti zilizojumlishwa baadaye zimekuta kumbukumbu, umakini au uwezo wa kupanga mambo umepungua kwa wagonjwa wapatao wanne kati ya kumi.

Asiseme mtu ni uzee. Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa 2012 kuhusu wagonjwa 1,006 wa moyo uliodhoofika katika nchi 9 za Afrika, ulikuta wastani wa umri wao ni miaka 52.

Kwa hiyo baba akisema amekunywa dawa, huenda haongopi. Kidonge cha jana anakikumbuka kama cha leo.

Kisanduku cha dawa chenye vyumba vya siku kinasaidia. Mzani kila asubuhi pia, na kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku tatu ni safari ya hospitali. Akichanganyikiwa ghafla, aende siku hiyohiyo. Daktari naye aambiwe habari za usahaulifu, kwani upungufu wa damu, chumvi iliyoshuka kwa dawa ya kupunguza maji, hata sonona, vyote huweza kuvuruga kichwa na vyote vina tiba.

Lakini aambiwe mbele ya baba, na baba aulizwe kwanza. Hapa Shangazi hana simile. Mtu aliyevalisha maharusi wa mtaa mzima hajadiliwi kwenye korido kama mzigo uliopotea stoo. Binti huyu amekuwa askari wa zamu nyumbani, kisha anashangaa kwamba mzee anaficha. Naye anachoka, hilo linaeleweka. Ndugu zake wagawane zamu. Ila maswali ya “umekunywa au hujanywa?” yakome.

Ule ukuta ni akili ya fundi anayejua anasahau na ametafuta njia. Uachwe. Dawa nazo zipate safu yake palepale: akimeza, anaweka alama. Vipimo, baba ataje, binti aandike: kifua, kiuno, mkono.

Na chaki amnunulie boksi zima.