SOMO: MWENZETU AKIONDOKA, NASI TUSTAAFU?



Wapenzi wa kandanda wa Tunduma hawajamsahau Emmanuel Okwi, Mganda aliyechezea Simba na, kwa muda, Yanga pia. Msimu wa 2017/18 aliongoza kwa kufunga katika ligi yetu, mabao 20. Somo letu la leo linamhusu yeye na wenzake wa timu ya taifa ya Uganda. Swali lenyewe ni hili: mchezaji afanye nini pale mwenzake aliyekuwa nguzo anapoondoka, naye moyoni anaanza kujiuliza kama wakati wake pia haujafika?

Yaliyotokea Uganda

Mwaka 2017 Uganda ilicheza fainali za Mataifa ya Afrika baada ya kuzikosa tangu 1978. Ilitolewa mapema, na nahodha wake, Geoffrey Massa, akastaafu timu ya taifa. Golikipa Denis Onyango, aliyekuwa na miaka 31, angeweza kusema, "Nahodha ameondoka, nami basi." Hakusema hivyo. Alipokea kitambaa cha unahodha. Miaka miwili baadaye, kule Misri, Uganda ilivuka makundi ikafika hatua ya timu 16 bora. Huko ilifungwa na Senegal 1-0, lakini Onyango aliokoa penalti ya Sadio Mané.

Tarehe 29 Machi 2021 Uganda ilifungwa 1-0 na Malawi, ikakosa nafasi ya kwenda fainali zilizofuata. Mwezi wa Aprili Onyango alitangaza kuiaga timu ya taifa. Siku chache tu baadaye, mlinzi Hassan Wasswa naye akaaga. Okwi akabaki, na mwaka huo huo akafanywa nahodha.

Tuwe waangalifu hapa. Hatumlaumu Wasswa wala hatumsifu Okwi kupita kiasi. Wasswa alikuwa na miaka 33, Okwi 28. Mzigo wa mmoja haupimwi kwa mabega ya mwingine. Tunachojifunza ni kwamba tukio moja liliwakuta watu wawili, na kila mmoja alikuwa na jibu lake.

Uchovu na upweke

Wakulima wa Mbozi na Momba wanaolima kwa maksai watatuelewa upesi. Ng'ombe wawili wamezoea nira moja kwa miaka. Mmoja akiuzwa, yule aliyebaki siku za kwanza huvuta upande, tena husimama katikati ya shamba. Mkulima mwenye busara hampeleki mnadani siku hiyo hiyo. Humfunga na mwenzake mpya, huwatembeza polepole, kisha hutazama: je, miguu yake imechoka, au anamtafuta mwenzake?

Mchezaji naye ni vivyo hivyo. Pasi aliyoizoea haiji tena. Chumba cha kubadilishia nguo kimekuwa kigeni. Mashabiki wanazomea kwa sababu mabao yamepungua. Hapo ni rahisi sana kuudhani upweke kuwa ni uzee.

Sisi tuliofundisha tulisaidiwa na sheria. Mtumishi wa serikali akifika miaka 55 anaweza kustaafu kwa hiari, na akifika 60 hana budi. Mchezaji hana tarehe iliyoandikwa. Ni lazima ajihoji mwenyewe.

Maswali manne ya kujihoji

Kwanza, mwili. Je, magoti na pumzi vinasemaje asubuhi baada ya mchezo? Golikipa huweza kudumu kuliko mshambuliaji, kwa hiyo asijilinganishe kila mtu na kila mtu.

Pili, kazi. Je, ipo kazi ambayo aliyeondoka ameiacha, nami naweza kuifanya? Mara nyingi vijana wa timu wanahitaji mkubwa wa kuwatuliza kuliko wanavyohitaji bingwa.

Tatu, riziki. Kuiaga timu ya taifa si kuacha mpira. Onyango alipoaga mwaka 2021 aliendelea na klabu yake, Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini. Lakini anayeacha vyote hubaki bila mshahara mkataba unapokwisha, naye pengine hajafika hata miaka 40. Je, shamba, duka au ufundi wa kumlisha baadaye uko tayari? Mke na watoto wameshirikishwa?

Nne, chanzo. Hili ndilo swali kubwa. Mchezaji na ajiulize: "Kama mwenzangu angerudi kesho, bado ningetaka kustaafu?" Akijibu ndiyo, basi uamuzi ni wake mwenyewe, na aage kwa heshima. Akijibu hapana, basi hajachoka, amehuzunika. Huzuni ipewe muda, walau msimu mmoja.

Wahenga walisema bendera hufuata upepo. Sawa, ni kazi yake. Mtu hakuumbwa bendera.

Mwisho wa habari

Habari ya Uganda ina kipande kingine. Kitambaa kilipita kwa Okwi, baadaye kikafika kwa Khalid Aucho, tuliyemwona akivaa jezi ya Yanga. Na Desemba 2025, katika fainali za Morocco, Onyango mwenye miaka 40 alikuwamo tena kikosini. Aliyeaga kwa heshima huweza kukaribishwa tena kwa heshima. Anayeondoka kwa hasira huubamiza mlango, na siku akitaka kurudi huona aibu hata kubisha hodi.

Vijana wetu wanaocheza viwanja vya Tunduma, Vwawa na Mlowo wasikie somo hili, nasi wazee tusikie pia. Tumeona kwaya ikinyamaza kwa sababu mwimbaji mmoja alihama. Tumeona fundi akiuza vifaa kwa sababu mshirika wake alivuka mpaka kwenda Nakonde.

Maswali ya kujadiliana nyumbani na katika vikundi

1. Kwa nini Onyango aliweza kubaki mwaka 2017, akaaga mwaka 2021?
2. Je, kuna kazi uliyoiacha kwa sababu tu mwenzako aliiacha? Leo unaionaje?
3. Tuwasaidieje vijana wanamichezo wetu kujiandaa na kustaafu kungali mapema?