Gari Likikataa Kuwaka: Tafuta Kosa Kabla ya Kununua Betri

Chukua mfano wa mkulima wa ng'ombe wa maziwa huko Kinangop. Saa kumi na moja alfajiri ng'ombe wamekwisha kukamwa, madebe ya maziwa yamepakiwa katika pikapu, na baridi ni kali. Anageuza ufunguo. Gari linalia "tk!" kisha linanyamaza. Anajaribu mara ya pili na ya tatu, hata taa za dashibodi zinafifia. Majirani wanaitwa kusukuma. Gari linapowaka jua limekwisha kupanda, na maziwa yanafika kiwandani yameanza kuchachuka. Yanakataliwa. Siku ile ile mkulima huyu anakopa fedha na kununua betri mpya, na gari linawaka vizuri. Baada ya siku kumi, alfajiri moja, "tk!" tena.

Kosa halikuwa betri. Mkanda unaozungusha altaneta ulikuwa umelegea, na betri haikuwa ikichajiwa sawasawa. Ile mpya ilitumia moto iliokuja nao kutoka dukani, na moto huo ulipokwisha ikalala kama ile ya kwanza. Kazi ya kukaza mkanda ingechukua muda mfupi tu, kwa spana ambayo mkulima alikuwa nayo nyumbani.

Somo letu la mwezi huu ni hili: betri kwisha moto ni dalili ya ugonjwa, na mara nyingi ugonjwa wenyewe uko mahali pengine. Mkulima akifuata hatua kwa taratibu, ataweza kujua kosa liko wapi kabla ya kutoa hata shilingi moja.

JINSI MOTO UNAVYOZUNGUKA

Betri ya gari dogo na ya trekta nyingi ni ya volti 12. Moto hutoka kwenye kichwa kimoja cha betri, hupita katika waya mnene hadi kwenye stata, kisha hurudi kwenye kichwa cha pili kwa njia ya chuma cha injini na mwili wa gari. Waya unaounganisha betri na mwili wa gari huitwa ethi. Injini ikisha kuwaka, altaneta huanza kazi yake ya kurudisha moto katika betri.

Sasa shika jambo moja kubwa. Taa moja kubwa ya mbele hutumia kiasi cha ampea 5 tu, lakini stata ya gari dogo yaweza kuhitaji ampea 100 au 200, na ya injini ya dizeli zaidi ya hapo. Kwa hiyo kiungo chenye uchafu chaweza kupitisha moto wa kutosha taa, na kisipitishe moto wa kutosha stata. Ndiyo sababu mtu husema, "Betri ni nzima, mbona taa zinawaka?" na kumbe kosa liko mbele ya macho yake.

HATUA YA KWANZA: ULIZA TAA

Kabla ya kushika spana, weka gia katika fri, vuta breki ya mkono, na uwashe taa kubwa za mbele. Kisha geuza ufunguo huku mtu mwingine akizitazama taa, akiwa amesimama kando, si mbele ya gari.

(a) Taa haziwaki, au zinawaka hafifu kama mshumaa. Betri haina moto, au kibano cha waya kimeachana na kichwa cha betri.

(b) Taa ni nzuri, lakini ufunguo ukigeuzwa zinafifia sana, na pengine unasikia "tk-tk-tk" ya haraka. Betri ni dhaifu, au pana uchafu katika viungo vya nyaya nene.

(c) Taa hazipungui hata kidogo, na husikii kitu. Moto hauendi kwenye stata kabisa. Tazama fyuzi, swichi ya ufunguo, na ule waya mwembamba unaokwenda kwenye solenoidi, yaani swichi kubwa iliyofungwa pamoja na stata. Ukiwa na trekta, kumbuka kwamba nyingi hazikubali kuanza mpaka klachi ikanyagwe, gia iwe fri, na shafti ya nyuma inayozungusha mashine iwe imeachishwa. Usimwite fundi kutoka mjini aje kusogeza kijiti cha gia tu.

(d) Taa hazipungui sana, na unasikia "tk" moja kubwa. Solenoidi inafanya kazi, lakini stata haizunguki. Kaza nati ya waya mnene ulio kwenye stata. Kama haikusaidia, stata ifunguliwe na fundi.

(e) Stata inazungusha injini kwa nguvu, lakini injini haiwaki. Basi usiilaumu betri wala stata. Kwa injini ya petroli, tazama mafuta na moto wa plagi. Injini ya dizeli haina moto wa plagi. Tazama kama pana dizeli, kama hewa imeingia katika mipira yake, na kama ule waya mdogo wa vali ya kukata dizeli kwenye pampu haukuchomoka.

Usizungushe stata kwa zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Ipumzishe kwa dakika moja, ndipo ujaribu tena. La sivyo utamaliza betri na kuunguza stata, nawe utakuwa na makosa matatu badala ya moja.

HATUA YA PILI: SAFISHA VIUNGO

Ukiona hali ya (a) au ya (b), anza na vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani unaoota pale ni ugonjwa. Zima kila kitu. Fungua kwanza kibano cha waya wa ethi, ambao katika magari ya siku hizi ni ule wa alama ya kutoa (–), halafu ule wa pili. Ukianza na ule mwingine, spana yako ikigusa mwili wa gari itatoa cheche kubwa.

Yeyusha kijiko cha magadi katika maji ya moto, uoshe vichwa na vibano. Mapovu yatatoka, ni asidi inayokufa. Angalia maji hayo yasiingie ndani ya betri. Suuza kwa maji safi, kausha, kisha sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae pande zote mbili. Rudisha vibano, ule wa ethi uwe wa mwisho, uvikaze visicheze kwa mkono, na upake grisi kidogo juu yake.

Usiishie hapo. Fuata waya wa ethi mpaka mwisho wake kwenye mwili wa gari na kwenye injini. Gari la shamba hupita katika matope na samadi, na mahali pale hushika kutu pasipoonekana. Fungua, sugua, kaza. Dalili moja ya kiungo kibaya ni hii: baada ya kujaribu kuwasha gari, kiungo hicho huwa na joto kuliko vingine.

HATUA YA TATU: PIMA BETRI

Mita ndogo ya kupimia volti hugharimu fedha kidogo sana ukilinganisha na betri, nayo yafaa kila kikundi cha wakulima kiwe nayo. Pima asubuhi kabla gari halijawashwa. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2, imebaki na kiasi cha nusu. Ikisoma chini ya 12, imekwisha. Halafu pima tena wakati mwenzako anageuza ufunguo: volti zikishuka chini ya 9.6 na hali betri ilikuwa imejaa, betri hiyo imechoka kweli.

Kama betri yako ina vifuniko, vifungue utazame maji. Yafaa yafunike sahani za ndani kwa kiasi cha milimita 10. Ongeza maji safi ya betri peke yake. Usitie maji ya mtoni wala ya mfereji, kwa maana yana chumvi. Wala usiongeze asidi. Ukitumia haidromita, yaani kipimo cha asidi, chumba kilichojaa moto husoma kiasi cha 1.270. Chumba kimoja kikiwa chini sana kuliko vingine hata baada ya kuchaji, betri imekufa, na hapo ndipo pa kununua nyingine.

Baridi nayo hupunguza nguvu za betri, na wakati huo huo huifanya oili kuwa nzito. Ndiyo sababu betri dhaifu ya Kinangop au Molo hukataa alfajiri na kukubali adhuhuri.

HATUA YA NNE: JE, BETRI INACHAJIWA?

Injini ikiwa inazunguka, pima tena kwenye vichwa vya betri. Mita isome kati ya volti 13.8 na 14.5, au karibu na hapo. Ikibaki 12.5 au chini, altaneta haichaji. Zima injini, kisha ubonyeze mkanda katikati kwa kidole gumba: ukibonyea zaidi ya unene wa kidole, kwa kawaida umelegea. Mkanda uliopasuka au unaong'aa kama kioo ubadilishwe. Taa nyekundu yenye picha ya betri isipozimika injini ikiwa imewaka, usiidharau.

Kamwe usifungue waya wa betri wakati injini inazunguka ili "kujaribu altaneta". Jambo hilo huua altaneta, na katika magari ya sasa huharibu kompyuta ya injini, ambayo bei yake ni kubwa kuliko betri nyingi.

Ikiwa altaneta inachaji vizuri, na betri ni nzima, lakini asubuhi hakuna moto, basi pana mwizi wa usiku. Balbu ndogo ya wati 5 iliyosahauliwa yaweza kumaliza betri ya ampea-saa 60 kwa siku sita hivi. Tazama taa ya ndani, redio, na nyaya zilizoongezwa na fundi wa njiani.

HATARI MBILI

Ya kwanza ni ya moto. Betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Usivute sigara karibu nayo, wala usimulike kwa kiberiti. Ukiomba moto kwa gari la jirani, hakikisha betri zote mbili ni za volti 12. Malori mengi ni ya volti 24. Unganisha alama ya kujumlisha (+) kwa (+), kisha (–) ya betri nzima kwenye chuma cha injini iliyokataa, mbali na betri. Trekta za zamani nyingine zimefungwa kinyume, alama ya (+) ikiwa ndiyo ethi, tazama kwanza.

Ya pili ni ya kifo. Wako watu ambao, swichi ya trekta ikikataa, husimama kando ya gurudumu na kuunganisha vichwa vya stata kwa bisibisi. Njia hii hupita swichi zote za usalama. Gia ikiwa imeingia, trekta huondoka mara injini inapowaka, na gurudumu la nyuma humpanda mtu kabla hajaruka. Wengi wamekufa hivyo katika nchi nyingi. Washa trekta ukiwa umeketi kitini tu, na mtoto yeyote asimfuate fundi chini ya mashine.

Na betri iliyokufa isivunjwe shambani, wala asidi yake isimwagwe. Risasi iliyomo ni sumu kwa watu na mifugo, hasa watoto. Huko Owino Uhuru, Mombasa, watu walidhuriwa na risasi ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, kilichofungwa mwaka 2014. Mrudishie muuzaji ile ya zamani unaponunua mpya. Wengi hupunguza bei kwa ajili yake.

KUMBUKA

Uliza taa. Safisha viungo. Pima betri. Pima chaji. Halafu, na ni halafu tu, fungua mfuko wa fedha. Chagua siku moja kila mwezi, baada ya kazi, uoshe vichwa vya betri na kubonyeza mkanda. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mwenye gari la maziwa hujengwa saa kumi na moja alfajiri, kwenye baridi, madebe yakiwa yamejaa.