Kijana wa Kompyuta Anapokwenda Kufanya Kazi Nchi ya Jirani

Sisi wa Nanyala tumezoea kuona vijana wanaondoka. Wengine huenda Mbeya, wengine Dar es Salaam. Sasa wapo wanaosema, "Baba, nimepata kazi Nairobi. Nitatengeneza programu." Mzee anauliza: programu ndiyo nini? Tena kwa nini niuze kahawa ili upate nauli?

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Programu ni maagizo yanayoandikwa ili kompyuta au simu ijue la kufanya. Ukituma pesa kwa M-Pesa, simu inakuuliza namba, kiasi, kisha namba ya siri. Maswali hayo hayakuota yenyewe kama uyoga. Mtu alikaa akayaandika. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika kwetu Tanzania mwaka 2008. Kwa hiyo kazi ya kijana huyu wewe umekwisha kuitumia, ila hukumwona fundi wake.

Fundi huyo hahami na nyundo wala jembe. Maagizo ya kompyuta yanaandikwa vilevile Nanyala na Nairobi. Kinachobadilika ni maisha na sheria.

Sisi tunaoishi karibu na Tunduma tunavuka Nakonde kununua bidhaa, jioni tumerudi. Tunadhani mpaka ni mstari tu. Lakini kutembelea nchi ni jambo moja, na kuajiriwa huko ni jambo lingine. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina mkataba wa Soko la Pamoja ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Mkataba huo unarahisisha wafanyakazi kuhama, lakini haukufuta kibali cha kazi. Kijana awe na pasipoti, vyeti vyake vya masomo, na mkataba wa kazi ulioandikwa na kutiwa saini. Mwajiri anayemtaka kweli atashughulikia kibali. Na Zambia je? Zambia haimo katika Jumuiya hiyo, kwa hiyo sheria zake ni nyingine.

Haya, amefika. Hapo ndipo ugomvi wa nyumbani huanza, na ugomvi wenyewe ni wa hesabu. Tuseme analipwa shilingi 80,000 za Kenya kwa mwezi. Tuseme pia shilingi 1 ya Kenya ni sawa na shilingi 20 zetu. Mama anapiga hesabu: shilingi 1,600,000! Mwanangu ni tajiri, mbona haniletei bati?

Ngoja kwanza, mama. Chumba cha kupanga, 25,000. Kodi ya serikali na makato mengine, 20,000. Chakula, 15,000. Nauli ya kwenda kazini, 6,000. Jumla ni 66,000. Zinabaki 14,000, yaani shilingi 280,000 zetu. Na hapo hajaugua, hajanunua hata shati. Hii ni mifano tu, kila mtu ana yake, lakini inaonyesha kwa nini mtoto ananyamaza ukimwomba bati. Si kiburi. Mara nyingi anaona aibu kusema.

Kuna upweke pia. Kazi ni ya kukaa mbele ya kompyuta kutwa nzima. Ofisini watu wanasema Kiingereza, na nje Kiswahili chao kina maneno ya Sheng ambayo mgeni hayashiki upesi. Mpigieni simu hata siku ambayo hamna shida ya pesa.

Sasa liko jambo la hatari, nalo lisomeni polepole. Mwaka 2022 serikali ya Kenya iliwaonya wananchi wake juu ya kazi za uongo nchini Thailand. Vijana waliahidiwa mishahara mikubwa. Walipofika walivushwa mpaka kwa siri hadi Myanmar, wakanyang'anywa pasipoti, wakafungiwa na kulazimishwa kuwatapeli watu kwa intaneti. Mapema mwaka 2025 maelfu ya watu waliokolewa huko, na Waafrika Mashariki walikuwamo.

Basi kabla hujauza shamba, uliza. Kampuni iko mji gani? Nani mwingine anaifahamu? Mkataba uko wapi, nami niusome? Siku hizi unajua kusoma, usikubali kusomewa. Mtu akisema, "Lete pesa leo, karatasi zitafuata," zuia pesa yako. Nenda ukaulize ofisi ya Uhamiaji, au ofisi ya serikali ya huduma za ajira, TaESA. Na kijana aache nyumbani nakala ya pasipoti na mkataba, pamoja na namba ya simu ya ubalozi wetu huko aendako.

Hesabu ya kufanya darasani: mwenye nyumba wa Nairobi amepandisha kodi ya chumba kutoka 25,000 hadi 28,000. Kijana wetu atabakiwa na shilingi ngapi za Kenya? Na zetu ni ngapi?