Mahabusu Akikoroma: Mafunzo Niliyopata Munuki

Mimi ni muuguzi wa zahanati hapa Munuki, Juba. Polisi wakipata mahabusu aliyezidiwa na araki, bangi, tramadoli au gundi, huniita.

1. Si kila anayepepesuka amelewa. Malaria ikipanda kichwani, mtu hupayuka na kurusha mikono kama mlevi. Sukari ikishuka, vivyo hivyo. Aliyepigwa na umati kabla ya kukamatwa huenda anavuja damu ndani ya fuvu. Kwa hiyo naanza na kipimo cha sukari na cha malaria, kisha napapasa kichwa. Anaweza kunuka pombe na bado akawa na malaria.

2. Kukoroma si kulala. Askari wakisikia mkoromo hushukuru Mungu kwamba fujo imekwisha. Mwamshe! Asipoitika, hata kwa kufinywa bega, ulimi na matapishi vinaweza kumziba pumzi. Mlaze ubavu, goti la juu limekunjwa, mdomo ukielekea chini. Kumfunga pingu kifudifudi ni kumuua polepole. Pumzi zikiwa chache na mboni zimesinyaa kama ncha ya sindano, shuku heroini na dawa za jamii yake. Dawa ya naloksoni humzindua, lakini nguvu yake huweza kuisha kabla ya ile sumu, kwa hiyo aliyezinduka asirudishwe selo. Tramadoli nayo huleta degedege.

3. Mnywaji wa kila siku akikatishwa ghafla, kuanzia saa chache baadaye hadi siku ya tatu huweza kutetemeka, kuona visivyokuwepo, hata kuanguka kifafa. Wakati huo askari waliompokea huenda wameshabadilishana zamu.

4. Jamaa wanaoleta chakula ndio wanaojua alichokunywa. Muulize dada yake kando. Mbele ya mpelelezi hatataja dawa yoyote.

5. Katiba ya Mpito ya Sudan Kusini ya 2011 inawapa polisi saa 24 za kumshikilia mtuhumiwa kabla ya kumfikisha mahakamani. Kwa asiyeamka, hizo ni nyingi mno. Na gereza si wodi: mwaka 2016 Amnesty International iliripoti wagonjwa wa akili waliowekwa Gereza Kuu la Juba bila kosa lolote.

Kanuni za polisi wa Uingereza zinataka mahabusu mlevi aamshwe walau kila nusu saa. Hilo halihitaji mashine wala bajeti. Afande, mwamshe, andika saa kwenye kitabu, na asipoitika tafuta gari, si boda, umpeleke Juba Teaching Hospital. Jalada litafunguliwa baadaye.