Akaunti Inapokataa Kufunguka: Maswali ya Wakaazi wa Garissa, Wajir na Mandera

Tangu Juni 30, 2023, serikali ilipozindua mpango wa Gava Mkononi, huduma zaidi ya 5,000 zimewekwa kwenye tovuti ya eCitizen. Pasipoti, leseni ya udereva na cheti cha kuzaliwa sasa vinaombwa mtandaoni. Kwa mkaazi wa Hulugho au Elwak, aliye mbali na ofisi za serikali, hii ni nafuu kubwa, mradi akaunti yake ifunguke. Ikikataa, wengi hudhani wamesahau nywila na hukimbilia kuibadilisha. Mara nyingi nywila haina kosa lolote. Kabla ya kugusa chochote, tambua kwanza tatizo liko wapi.

Nitajuaje kama ni mtandao, seva au nywila?

Fungua tovuti nyingine yoyote. Isipofunguka, tatizo ni mtandao wa mahali ulipo. Kaskazini Mashariki tunalijua hili vizuri: minara ya simu imewahi kushambuliwa na kuharibiwa, na vijiji vikakaa bila mawasiliano.

Tovuti nyingine zikifunguka, soma namba inayotokea kwenye skrini. 503 ina maana seva haiwezi kukuhudumia kwa sasa, aghalabu kwa sababu imeelemewa au inafanyiwa ukarabati. 504 ina maana jibu limechelewa mno. 500 na 502 pia ni hitilafu za upande wao. Lakini ukiona 401, au ujumbe kwamba nywila si sahihi, basi kagua ulichoandika. 429 inakuambia umejaribu mara nyingi mno kwa muda mfupi.

Mbona ukurasa wa mwanzo unafunguka, lakini kuingia kunashindikana?

Ukurasa wa mwanzo ni uleule kwa kila mtu, hivyo seva huutoa bila kazi kubwa. Kuingia ni shughuli tofauti. Seva hutafuta jina lako kwenye hifadhi ya taarifa, hukagua nywila, kisha hutuma namba ya uthibitisho kwa simu. Isitoshe, mfumo ulioundwa vizuri hauhifadhi nywila yenyewe. Huhifadhi alama yake iliyopitishwa kwenye hesabu nzito, iliyofanywa nzito kwa makusudi ili mwizi asiweze kubahatisha haraka. Hesabu hiyo hurudiwa kila mtu anapoingia. Mifugo ya malisho yote ikifika kisimani kwa wakati mmoja, maji hayajakauka, ila birika la kunyweshea ni dogo.

Ndiyo maana siku za mwisho za Juni huwa ngumu kwenye iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni. Mtu binafsi anatakiwa kuwasilisha ripoti ya kodi ya mwaka uliotangulia kabla ya Juni 30 kupita, na wengi husubiri wiki ya mwisho. Akichelewa, faini yake huanzia shilingi 2,000. Aliyeingia Machi hakumbani na msongamano huo.

Seva inaweza kuelemewa kwa hila?

Ndiyo. Mwishoni mwa Julai 2023, eCitizen ilishambuliwa kwa mafuriko ya maombi bandia, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai kuhusika. Huduma nyingi za serikali zilikwama. Serikali ilikiri shambulio hilo na kusema hakuna taarifa za wananchi zilizopotea. Oktoba 2024, Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan kwa kuliendesha kundi hilo. Katika shambulio kama lile, kubadilisha nywila hakumsaidii yeyote.

Nifanye nini seva ikielemewa?

Acha kubonyeza mfululizo. Kila unapobonyeza unaongeza ombi jipya kwenye foleni, na mfumo unaweza kuifunga akaunti yako kwa muda ukidhani wewe ni mwizi. Subiri angalau nusu saa, au jaribu usiku sana au alfajiri.

Nina hakika na nywila, lakini inakataliwa. Kwa nini?

Kagua mambo manne. Je, simu imeanza neno kwa herufi kubwa bila wewe kutaka? Je, kuna nafasi tupu mwishoni, hasa kama ulinakili na kubandika? Je, kivinjari kinajaza nywila ya zamani kilichoihifadhi? Na je, tarehe na saa ya simu ni sahihi? Tarehe ikikosewa, kivinjari kinaweza kukuonya kwamba tovuti si salama hata kama haina kasoro.

Namba ya uthibitisho haifiki, au ikifika inakataliwa.

Ukiiomba mara tatu, kwa kawaida ni ile ya mwisho tu inayofanya kazi, na ujumbe unaweza kufika kwa mpangilio mwingine. Omba mara moja, kisha ngoja. Kama laini imepotea, nenda na kitambulisho chako kwenye duka la kampuni ya simu urudishiwe namba ileile. Kama laini imesajiliwa kwa jina la ndugu, yeye ndiye atakayelazimika kwenda.

Akaunti yangu ilifunguliwa saiba kwa barua pepe isiyo yangu. Nitaipataje?

Hili ndilo tatizo zito kuliko yote. Mhudumu wa saiba anayetaka kumaliza upesi anaweza kutumia barua pepe yake au namba yake ya simu. Miaka miwili baadaye amehama mji, na kila ujumbe wa kurejesha nywila unamfikia yeye. Kama bado unaweza kuingia, badilisha namba na barua pepe leo hii. Kama huwezi, nenda Huduma Centre ya Garissa, Wajir au Mandera ukiwa na kitambulisho chako halisi, ueleze kwamba mawasiliano yaliyosajiliwa si yako.

Je, nimpe mtu nywila anisaidie?

Usimpe. Mwambie akuelekeze, lakini uiandike mwenyewe, kisha ubonyeze kitufe cha kutoka kabla ya kuondoka kwenye kompyuta. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018 inampa anayeingia kwenye mfumo bila idhini faini ya hadi shilingi milioni 5, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Lakini kumshtaki mtu hakurudishi haraka kilichoharibiwa kwa jina lako.

Vijana mliosoma, wafungulieni wazazi wenu barua pepe zao wenyewe, wachague nywila ndefu watakayoikumbuka, na laini iwe kwa majina yao. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na humwepusha mzee safari ya siku nzima kwenda mjini kudai akaunti iliyo haki yake.